JENGO NALO LINA NAHODHA

Wajibu wa kulinda afya na maisha mahali pa ujenzi

Kibuyuni ni kijiji cha pwani katika Kaunti ya Kwale, si mbali na Shimoni, upande wa kusini kabisa wa mwambao wa Kenya. Wenyeji wake huishi kwa bahari na kwa shamba. Wanaume wengi ni wavuvi, na wanawake wamejipatia sifa kwa kilimo cha mwani, ambao huufunga kambani maji yakipwa, kisha huuanika hata ukauke. Lakini mgeni apitaye huko siku hizi huona na kazi nyingine, nayo ni ujenzi. Nyumba za udongo na makuti zinaondoka moja moja, na mahali pake zinasimama nyumba za mawe, saruji na mabati. Na huko Shimoni, katika miaka ya 2020, Serikali ilianza kujenga bandari ya uvuvi, kazi ambayo vijana wengi wa upande ule waliitazama kwa tamaa ya kupata ujira.

Haya ni maendeleo, wala hapana mtu mwenye akili atakayeyachukia. Hata hivyo, kila mahali panapojengwa pana shimo, pana ngazi, na pana kitu kizito kilicho juu ya kichwa cha mtu. Basi swali lililo bora kuulizwa kabla jiwe la kwanza halijawekwa ni hili: Je, mtu akiumia hapa, ni nani wa kujibu?

CHOMBONI HAPANA SHAKA

Watu wa Kibuyuni hawana haja ya kufundishwa maana ya wajibu. Waulizwe habari za chombo, nao watajibu mara moja. Chombo kinapotweka tanga, kila aliyemo anamjua nahodha. Yeye ndiye atazamaye upepo na mawingu. Ndiye aulizaye kama maji ya kunywa yametiwa, kama kamba ni nzima, na kama upo wa kufulia maji haukusahauliwa pwani. Baharia naye ana wajibu wake. Akiona ubao unavuja husema papo hapo, wala hangoji miguu ya wenzake ilowe. Lakini chombo kikipotea kwa sababu ya kamba mbovu, watu hawamshiki baharia mdogo aliyetumwa kupanda mlingoti. Humwuliza nahodha.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akitoka baharini na kuanza kujenga nyumba yake, huyasahau yote hayo. Mwenye nyumba husema, "Kazi nimempa fundi, mimi sijui." Fundi husema, "Mimi nimeitwa kwa ufundi wangu tu. Mbao na kamba ni za mwenye nyumba." Kibarua husema, "Nimeambiwa panda, nami nimepanda." Kila mmoja amwonyesha mwenziwe kwa kidole, na huku jukwaa limesimama juu ya boriti mbili zilizooza. Ndiyo kusema jengo limekuwa chombo kisicho na nahodha.

Na mtu aangukapo, methali iko tayari midomoni: ajali haina kinga.

METHALI NA MAANA YAKE

Methali hii ni ya kweli, na wazee waliotuachia hawakukosea. Hakuna mwanadamu aijuaye siku yake. Lakini haikusemwa ili watu waache kufunga kamba. Mvuvi aaminiye kudura ya Mungu huikagua ngalawa yake kila alfajiri, wala hafikiri kwamba kwa kufanya hivyo amepungukiwa na imani.

Tena historia yenyewe inatuonyesha ya kuwa ajali nyingi zina kinga. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani, mahali paitwapo sasa Kisumu, mwaka 1901. Katika kazi hiyo walikufa wafanyakazi wapatao 2,500, walio wengi wakiwa ni watu walioletwa kutoka Bara Hindi. Watu wakumbukapo habari hizo hutaja simba wa Tsavo, lakini simba waliua sehemu ndogo tu. Maradhi na taabu za kazi ndizo zilizowamaliza wengi. Siku zile ilidhaniwa ya kuwa kazi kubwa haina budi kula watu.

Miaka zaidi ya mia ikapita. Waingereza wakajenga viwanja vya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012 mjini London. Maelfu ya watu walifanya kazi pale kwa muda wa miaka kadhaa. Walichimba ardhi, waliinua vyuma vizito, na walipanda juu sana. Hakufa hata mmoja katika ujenzi wa viwanja hivyo. Wajenzi hao hawakupewa bahati kuliko wale wa reli. Tofauti ni kwamba kila kazi ilitanguliwa na maswali mawili: kazi hii yaweza kumdhuru mtu kwa njia gani, na ni nani aliyepewa kuizuia hatari hiyo?

SHERIA YASEMAJE

Kenya haikukosa sheria juu ya jambo hili. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950 ilianza kutumika mwezi wa Septemba 1951. Mwaka 1984 zilitolewa kanuni za kazi za ujenzi, na mwaka 1990 ile Sheria ya Viwanda ilipanuliwa hata ikagusa na mahali pengine pa kazi. Mwaka 2007 Bunge liliiondoa, likaweka mahali pake Sheria ya Usalama na Afya Kazini.

Wengi hudhani ya kuwa hiyo ni sheria ya makampuni makubwa ya mjini. Sivyo. Sheria hiyo yahusu kila mahali ambapo mtu yuko kazini, ikiwa ni kwa muda au ni kwa daima. Kwa hiyo nyumba ya vyumba viwili huko Kibuyuni, yenye fundi mmoja na vibarua watatu, ni mahali pa kazi tangu siku ya kuchimba msingi hata siku ya kupiga bati la mwisho.

Wajibu wa kwanza umewekwa juu ya mwajiri na mtu mwenye mamlaka juu ya mahali pale. Yeye ndiye apaswaye kulinda usalama na afya ya wote wafanyao kazi hapo. Katika kazi kubwa mtu huyo kwa kawaida huwa ni mkandarasi. Lakini mwenye nyumba akiwaita vibarua mwenyewe na kuwalipa kwa siku, basi yeye ndiye mwajiri wao, na mapatano ya mdomo hayamwondolei jina hilo. Yampasa kuwapa vyombo vya kazi vilivyo salama, kuwaeleza hatari zilizopo, na kuwapa vitu vya kujikinga.

Wajibu wa pili ni wa mfanyakazi. Yampasa ajilinde mwenyewe na asiwahatarishe wenzake. Avae kofia na viatu alivyopewa. Tena amwambie msimamizi wake mara aonapo hatari. Kibarua avuaye kofia yake kwa sababu ya joto, au aondoaye ubao wa kuzuia watu wasianguke kwa kuwa unampinga njiani, ameuvunja wajibu huo.

Lakini sheria imempa na haki ambayo wachache waijua. Mfanyakazi akiwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba mahali fulani pana hatari kubwa iliyo karibu kumfika, akatoka na kumwarifu msimamizi, halazimishwi kurudi mpaka hatari hiyo iondolewe. Wala si halali kumfukuza au kumwonea kwa kuwa amelalamika juu ya usalama.

PENYE UGUMU

Haki hiyo ni njema, ila si rahisi kuitumia. Tuseme kijana mmoja ameamka nyumbani pasipo na unga. Amefika kazini, ameliona jukwaa linayumba. Anajua kwamba nje ya ua wamesimama vijana wengine watatu wanaoitaka kazi ile ile. Je, atasema? Walio wengi hunyamaza, wakapanda. Basi anayemwambia, "Kama unaogopa usipande," hakumpa hiari yoyote. Amempa achague kati ya kuanguka na njaa.

Hapa ndipo mzizi wa shauri hili ulipo. Wajibu wa mwenye nguvu hauwezi kuteremshwa na kutwikwa asiye na nguvu. Kibarua ana sehemu yake, lakini si yeye aliyenunua mbao, si yeye aliyepanga siku ya kumaliza kazi, wala si yeye aliyepunguza gharama kwa kuacha kununua kamba mpya. Mwenye nyumba na fundi mkuu ndio wapaswao kusema, "Leo hatupandi," kabla kibarua hajalazimika kulitamka neno hilo mwenyewe.

HATARI ZA KAZI ZA PWANI

Hatari ya kwanza ni jukwaa. Vijijini majukwaa mengi hufungwa kwa boriti na mbao zilizokwisha kutumika mara nyingi. Boriti ya mkoko ni imara sana, lakini ikiliwa na wadudu, au ikioza palipo na fundo la kamba, huvunjika ghafula. Wala mtu asidhani ya kuwa nyumba isiyo na ghorofa haina hatari. Aangukaye kutoka ukingo wa ukuta juu ya mawe aweza kufa, au kuvunjika uti wa mgongo akakaa kitandani maisha yake yote. Jukwaa jema lina miguu iliyokaa juu ya ubao mpana, si juu ya mchanga mtupu. Limefungwa ukutani lisiyumbe. Mbao zake zimepangwa bila nafasi katikati, na kandokando limezuiwa kwa boriti kiasi cha kiuno cha mtu. Ngazi yafaa ifungwe juu, nayo ipite ukingo kiasi cha mita moja ili mtu apate pa kushika. Na kila baada ya mvua kubwa au upepo mkali, jukwaa hukaguliwa upya kabla mtu hajalipanda.

Hatari ya pili ni msingi na shimo. Udongo huonekana mwepesi ukiwa ndani ya karai, lakini udongo wa ujazo wa mita moja kila upande huweza kufikia uzito wa tani moja na nusu, sawa na motokaa. Mtu aliyefunikwa mpaka kifuani hawezi kupumua hata kama kichwa chake ki nje. Basi shimo lipitalo kifua halichimbwi kwa kingo zilizosimama wima bila mbao za kuzitegemeza, ama kingo zenyewe zikatwe mteremko. Na udongo uliotolewa hurundikwa mbali, usiulemee ukingo.

Hatari ya tatu, iliyo mbaya kuliko zote, ni kisima. Katika nchi ya mawe ya matumbawe visima na mashimo ya vyoo huchimbwa kwa taabu, na wakati mwingine huletwa mashine ya petroli ya kuvuta maji. Moshi wa mashine hiyo una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Tena hata bila mashine, hewa ya chini ya shimo refu huweza kuwa mbaya. Aliyemo huanguka kimya. Mwenziwe humwona, humhurumia, hushuka kumtoa, naye huanguka juu yake. Mwaka 1986 taasisi ya Serikali ya Marekani ichunguzayo usalama wa kazi ilieleza ya kuwa zaidi ya 60 katika kila 100 ya waliokufa mahali pa namna hiyo palipofungika walikuwa ni watu waliokwenda kuokoa wengine. Huruma yao ndiyo iliyowaua.

Kwa hiyo mtu asishuke kisimani bila kufungwa kamba ya kifua, na juu wawepo watu wawili wa kumvuta. Mashine ya petroli isishushwe ndani wala isiwekwe mdomoni mwa kisima. Watu wengine hushusha taa ili kuijaribu hewa. Taa ikizimika, hakika hewa ni mbaya. Lakini taa ikiendelea kuwaka si dalili ya salama, kwa maana moshi wa petroli huua na huku taa inawaka. Na mtu akianguka humo, avutwe kwa kamba yake, wala asifuatwe.

Zipo na hatari zisizoua siku moja. Saruji iliyotiwa maji huchoma ngozi polepole, na akanyagaye zege kwa miguu mitupu hupata vidonda vikubwa. Vumbi la mchanga na la mawe mengi lina chembe ambazo, zikivutwa kwa miaka, huyafanya mapafu kuwa magumu, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya. Kumwagia maji jiwe linalokatwa ni kazi ndogo, nayo hupunguza vumbi sana. Tena yafaa vibarua wapate maji ya kunywa na mahali pa kivuli, hasa wakati wa kaskazi, kwa sababu mtu aliyezidiwa na joto huona kizunguzungu, na kizunguzungu juu ya ngazi ni mauti.

WASIO WAJENZI NAO WANA HAKI

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka asubuhi. Watu zaidi ya 30 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakuwa wajenzi, nao watoto waliokuwa wakicheza karibu. Msiba huo wafundisha ya kwamba wajibu wa mjenzi haukomei kwa wale awalipao.

Kijijini jengo mara nyingi halina ua, na njia ya watoto waendao shule na madrasa hupita katikati ya rundo la mawe. Kamba iliyofungwa kwa vigingi, au ua wa makuti, hugharimu kidogo. Kisima kilichoachwa wazi jioni chafaa kufunikwa kwa mbao nzito kila siku, si siku ya kumaliza tu. Na kwa upande wa uimara wa jengo lenyewe, Kenya ilitunga mwaka 2011 sheria iliyoanzisha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo huandikisha wakandarasi, wasimamizi na mafundi stadi. Kuuliza kama fundi ameandikishwa si kumdharau, kama vile kuuliza kama nahodha aijua miamba ya Wasini si kumtukana.

AJALI IKIISHA KUTOKEA

Katika vijiji vingi, kibarua akifa kazini, mwenye nyumba huja msibani na gunia la mchele na sanda, watu husema amefanya uungwana, na habari huishia hapo. Uungwana huo ni mzuri, lakini si haki yote. Sheria yaamuru ya kuwa kifo cha kazini kiarifiwe kwa afisa wa usalama na afya kazini wa eneo katika muda wa saa 24, na kwa maandishi katika muda wa siku 7. Ajali iliyojeruhi nayo huandikiwa taarifa katika siku 7.

Tena iko Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha mwezi wa Desemba 2019. Kwa sheria hiyo, waliomtegemea marehemu hustahili fidia ya mapato ya miezi 96. Kama marehemu alikuwa akipata shilingi 15,000 kwa mwezi, hizo ni shilingi 1,440,000. Dai lapaswa kupelekwa kabla ya kupita miezi 12 tangu siku ya kifo. Wajane wangapi wameiacha miezi hiyo ipite, kwa sababu hapana mtu aliyewaambia?

Na mwenye nyumba ndogo asiogope asomapo hesabu hiyo, bali aizingatie mapema. Sheria imeamuru mwajiri awakatie bima watu wake. Bima, kamba mpya na mbao nzima, vyote pamoja, ni rahisi kuliko shilingi 1,440,000. Na hakuna bei iwezayo kulinganishwa na baba wa watoto.

DAFTARI LA ASUBUHI

Yote haya hayadai elimu kubwa. Yadai daftari moja la shule na robo saa ya asubuhi. Kabla kazi haijaanza, mwenye nyumba na fundi mkuu wazunguke mahali pote pamoja na vibarua, na kila hatari iandikiwe jina. Jukwaa: nani amelikagua leo? Kisima: nani ana funguo za mashine, na nani wameshika kamba? Sanduku la dawa na bendeji: nani alitunza? Gari la kumkimbiza majeruhi hospitali ya Msambweni: nani ana simu ya dereva? Mbele ya kila neno liandikwe jina la mtu mmoja, si la watu wote, kwa maana kazi ya wote huwa si kazi ya mtu. Na chini kabisa ya ukurasa, mwenye nyumba atie sahihi yake.

Siku ile kijana aliyeamka bila unga atakapoliona jukwaa linayumba, hatakuwa na haja ya kupima njaa yake na uhai wake. Atamwita kwa jina mtu aliyeandikwa daftarini, na mtu huyo atakuja na kamba mpya mkononi. Hapo ndipo jengo litakapokuwa limepata nahodha wake.